Riwaya za upelelezi za kale kwa anayetaka kumkamata muuaji mwenyewe (ni marufuku kumwaga ubuyu)

FundiSaa_Ngamiani

Wana Tanga wa humu, na majirani wa Pangani mpaka Bagamoyo, salaam.

Mwezi huu nimeulizwa swali moja mara nne, mara mbili inboksi na mara mbili nikiwa kazini nimeinamia saa ya mtu: "Fundi, nitajie kitabu kizuri cha upelelezi." Nikiuliza kizuri kivipi, naambiwa "maarufu". Hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna msomaji anayetaka moyo umwende mbio, na kuna msomaji mwenye penseli sikioni, anayetaka kumfumania muuaji kabla mpelelezi hajawakusanya watu sebuleni. Uzi huu ni wa huyo wa pili. Wa kwanza karibu pia, ila akae nyuma.

Mtaani kwetu tuko watano. Alhamisi baada ya Isha tunakaa barazani, kahawa na kashata katikati, na utaratibu wetu tumeuiba kwa bibi zetu. Kitendawili! Tega! Ukishindwa bibi anadai mji, unampa, ndipo anategua. Sisi tunasoma kitabu mpaka zibaki kama sura tatu, kisha kila mtu anaandika jina la muuaji na sababu zake kwenye karatasi, anaikunja, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukikosea umetoa mji. Mimi mwaka huu nimeshatoa Muheza, Korogwe na Lushoto. Mwenzetu mmoja wa bodaboda anamiliki wilaya zote za mkoa huu isipokuwa Kilindi, na hiyo ameikataa mwenyewe, anasema ni mbali.

Sasa kitendawili kina heshima yake. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Ulichokihitaji chote umeshakisikia, umeshindwa kwa uzito wa kichwa chako tu. Lakini bibi akikwambia jibu ni kitu alichokiona yeye Mombasa mwaka juzi, utadai mji wako urudi. Kipimo changu cha kitabu ni hicho hicho: je, mwandishi ameweka kila kitu mkekani kabla ya kudai mji?

Waandishi wenyewe waliligombania sana jambo hili miaka ya 1920 na 1930. Mwaka 1929 Ronald Knox, padre wa Kikatoliki Uingereza aliyekuwa akiandika riwaya hizi, alitoa amri kumi. Mhalifu atajwe mapema. Mizimu na mashetani wasihusike. Njia ya siri isizidi moja. Sumu isiwe ya kubuni. Mapacha wasizuke bila msomaji kuandaliwa. Na mpelelezi akiokota dalili, msomaji aonyeshwe papo hapo. Mwaka 1930 wakaunda chama chao London, Detection Club, mwenyekiti wa kwanza G. K. Chesterton, na mwanachama anaapishwa kwamba wapelelezi wake watatumia akili, si ramli wala bahati.

Marekani kulikuwa na Ellery Queen, ambaye kwa kweli ni watu wawili, Frederic Dannay na binamu yake Manfred Lee. Hawa walifanya kama bibi zetu kabisa. Kuanzia The Roman Hat Mystery ya 1929, hadithi inasimama karibu na mwisho, unaandikiwa wewe msomaji: sasa unazo dalili zote, nani kaua? Nilipokutana na ukurasa ule mara ya kwanza nilicheka peke yangu kibandani, mteja akadhani namcheka yeye.

Ukitaka pa kuanzia, chukua Five Little Pigs ya Agatha Christie, 1942. Mchoraji aliuawa kwa sumu miaka 16 nyuma. Mkewe alihukumiwa na akafia gerezani. Binti yao amekua, anamwendea mpelelezi Hercule Poirot. Waliokuwepo siku ile ni watano, na kila mmoja anamwandikia Poirot maelezo yake. Nakipendea nini? Poirot hana alama ya kiatu, hana majivu, hana daktari wa kupasua maiti. Ana maneno ya watu watano, na wewe unayo hayo hayo. Akikushinda, amekushinda kihalali.

Karibuni. Ila atakayetaja muuaji wa kitabu chochote, mji mmoja hautatosha.

SahareMoja

Fundi heshima yako, ila unaanzaje uzi kama huu bila Sherlock Holmes? Huyo ndiye baba lao. Riwaya nne, hadithi fupi 56. Nimezimaliza zote.

BadaNaChukuchuku

Nimekaa hapa na sahani yangu ya bada, nasoma tu. Endeleeni.

FundiSaa_Ngamiani

SahareMoja mdogo wangu, Holmes nampenda, lakini mara nyingi yeye ni mchawi jukwaani: unampigia makofi, hushindani naye. Chukua A Study in Scarlet, 1887. Anapima chumba, anakusanya vumbi, anatuma simu ya maandishi Cleveland, Marekani. Simu ile aliuliza nini na akajibiwa nini? Tunaelezwa wakati mtu ameshatiwa pingu. Na karibu theluthi ya kitabu umehamishiwa Utah. Hapo mimi nadai Muheza yangu irudi.

MzeeWaKahawa

Fundi, hapo umemwonea kidogo marehemu Conan Doyle, mwandishi wa Holmes. Kuna hadithi yake fupi ya mwaka 1892, Silver Blaze, ya farasi wa mashindano aliyepotea usiku. Mle umewekewa mambo mawili hadharani. Kijana mlinzi wa zizi ametiliwa kasumba kwenye chakula, na chakula cha usiku ule kilikuwa nyama ya kondoo ya mchuzi wa bizari. Halafu kuna mbwa, ambaye usiku ule hakufanya lolote. Holmes anamtajia inspekta huyo mbwa waziwazi, nawe unasikia. Mimi niliisoma nikiwa na miaka 19, nikampita yule mbwa kama ninavyompita mbwa wa jirani.

BadaNaChukuchuku

Mzee shikamoo. Bizari! Mwanamke yeyote wa Makorora angesimama hapo hapo aulize, nani kaamua leo tule mchuzi wa viungo vikali?

MzeeWaKahawa

Marahaba. Basi wewe weka sahani chini ukaisome, maana umeshalitaja swali lenyewe.

FundiSaa_Ngamiani

Nakubali mzee wangu. Silver Blaze naitoa kwenye lawama. Nyingine nazishikilia.

BintiPangani

Hamjambo kaka zangu. Mimi nina kijana wa kidato cha pili, anapenda mafumbo kuliko kula, ila Kiingereza chake cha kubabaisha. Hivyo vyote mnavyotaja ni vya Kiingereza. Kiswahili hakuna? Nilimpa riwaya moja ya jasusi, akanirudishia akasema "mama, huyu hapelelezi, huyu anapiga watu tu."

SahareMoja

Hahaaa, dogo yuko sahihi. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ni watamu, nimewasoma hadi majalada yakachanika, lakini pale unakimbizwa, hukai ukapiga hesabu.

MzeeWaKahawa

Mama, kwa kijana wako jibu ni moja, Bwana Msa, mpelelezi wa mwandishi Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, mzaliwa wa Makunduchi. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957 na 1958 yaliyosimamiwa na shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ikachapwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum anayemfuata nyuma akiuliza yale ambayo na wewe ungeuliza. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa na nyinginezo.

Angalia jina la hicho cha kwanza. Padre wa Fundi anakataza mizimu, na huyu bwana kaibandika juu ya jalada! Watu wote wanaotetemeka mle wana sababu ya kutetemeka, nawe umelelewa pwani, moyo unaanza kwenda nao. Bwana Msa anavuta kiko chake. Yeye anatafuta mtu mwenye mikono miwili na haja yake. Mimi naona kwa msomaji wa huku pwani hilo ni changa la macho kubwa kuliko lolote la Wazungu, kwa sababu linapigwa mahali tunapoamini.

Mwambie kijana jambo moja: achore ukoo. Kwa Bwana Msa mara nyingi fundo liko kwenye nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani, nani alibadili jina. Akisoma bila daftari, majina yatamchanganya kama siku ya arusi ya watu usiowajua.

BintiPangani

Asante sana babu, Mungu akuweke. Ukoo ataweza, kwetu tunahesabiana mpaka mjukuu wa shangazi wa mume.

KaoleMgeni

Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi ugonjwa wangu ni chumba kilichofungwa kwa ndani. Maiti ndani, komeo limetiwa, dirisha halifunguki, muuaji hayupo. Nipeni mpangilio.

FundiSaa_Ngamiani

Karibu mkuu. Huo ugonjwa ni wa zamani. Edgar Allan Poe aliuanzisha 1841 na The Murders in the Rue Morgue, ila jibu lake, hmm, bibi yangu asingelipitisha. The Big Bow Mystery ya Israel Zangwill, 1892, ni fupi na ina jeuri. Gaston Leroux, Mfaransa, akaandika cha chumba cha manjano mwaka 1907. Lakini bwana mwenyewe wa komeo ni John Dickson Carr. The Hollow Man, 1935, Marekani kikaitwa The Three Coffins. Kitabu kikielekea mwisho, sura ya 17, mpelelezi wake Dokta Gideon Fell anasimamisha hadithi na kusema waziwazi kwamba wao wamo ndani ya riwaya, kisha anatoa somo la njia zote za kuua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Anakufundisha wizi huku mkono wake uko mfukoni mwako.

Tahadhari: kile si kitabu cha kuanzia. Sisi wote watano tulitoa mji usiku ule. Mwenye bodaboda alikasirika akaondoka bila kumaliza kahawa.

SahareMoja

Na ile ya kisiwani je? Watu kumi, wanakufa mmoja mmoja. Si ndiyo bora kuliko zote? Nikikaa pale Jamhuri jioni nikiangalia kisiwa cha Toten naikumbuka, maana hata jina la Toten kwa Kijerumani ni la wafu.

FundiSaa_Ngamiani

And Then There Were None ya Agatha Christie, 1939. Nimeisoma mara tatu, na usiku niliamka kuangalia kama mlango nimeufunga. Lakini kwa mwenye penseli siiweki ya kwanza. Hakuna mpelelezi wa kushindana naye, na vifo vinakuja mbio, huna nafasi ya kukaa chini upime. Ni kitabu kikubwa, ila ni cha kutetemeka kuliko cha kutegua. Najua nitapigwa mawe.

KaoleMgeni

Jiwe la kwanza hili hapa. Dalili zimo!

FundiSaa_Ngamiani

Zimo, za kuonekana ukishajua. Ukitaka za kuonekana kabla, Christie huyo huyo ana A Murder Is Announced ya 1950, ambamo karibu kila dalili iko machoni, nyingine ndani ya matamshi ya mtu tu. Na The Murder of Roger Ackroyd, 1926. Kuhusu hicho nawaomba kwa hisani: msisome chochote, msiulize chochote, jalada la nyuma lifunikeni kwa gazeti.

SahareMoja

Ackroyd si ndio ile ambayo muuaji ni

SahareMoja

Samahani, simu iliteleza. 😂

BadaNaChukuchuku

Huyu atolewe Pangani, Handeni na Mkinga kwa mpigo.

BintiPangani

Pangani msiitoe, nakaa mimi.

SahareMoja

Tuyaache. Mimi Murder on the Orient Express nimeiona filamu tu. Kitabu bado kina faida?

FundiSaa_Ngamiani

Cha Christie pia, 1934. Ukishaona filamu fumbo limekwisha, pole. Lakini hicho kinanigusa kikazi. Treni imekwama kwenye theluji, abiria amechomwa visu, na saa iliyo kwenye nguo zake za kulalia imebondeka na kusimama saa 7 na robo usiku. Wasomaji wengi wanaandika: kauawa saa 7 na robo. Mimi nikaandika: nani kasema?

Niwaambie kitu cha kibandani. Saa ya ufunguo ikianguka sakafuni, mara nyingi kinachovunjika ni kifito cha gurudumu la balansi, kile chenye ncha nyembamba kama unywele. Saa inakufa papo hapo. Lakini mishale haijafa. Vuta kile kidude cha pembeni cha kutilia ufunguo, zungusha, mishale inakwenda popote utakapo: saa 4, saa 9, saa ya futari. Rudisha kidude, na hakuna anayeweza kujua. Saa mbovu ni shahidi anayekubali kufundishwa. Wiki iliyopita mtu ameniletea Seiko ya babu yake, akaniambia "ilisimama dakika ile ile aliyofariki". Nikanyamaza nikaitengeneza.

Sisemi ile ya kwenye treni ni ya kweli au ya uongo. Nasema mwenye kutegua kila ushahidi anauliza: hiki kingeweza kuwekwa na mkono wa mtu? Sasa hivi nikikutana na saa iliyovunjika kitabuni namshuku kwanza aliyenionyesha.

MzeeWaKahawa

Basi wewe ni mtu wa The Five Red Herrings ya Dorothy Sayers, 1931. Wachoraji sita wa Uskochi, ratiba za treni, tiketi, baiskeli.

FundiSaa_Ngamiani

Mzee, kile ni chakula changu! Na kuna kioja mle: mapema kabisa mpelelezi, Lord Peter, anamwambia sajini kitu gani cha kutafuta mahali pa tukio, na mwandishi anakataa kukuandikia. Anakwambia msomaji mwenye akili atajijazia mwenyewe. Nilikaa siku mbili na orodha ya vitu vya marehemu nikiuliza nini hakimo.

BintiPangani

Hicho nami nilikijaribu. Nililala mara tatu kabla treni ya kwanza haijafika stesheni. Kaka Fundi, si kila mtu anafurahia ratiba. Mwekeeni mtu angalizo.

FundiSaa_Ngamiani

Ni kweli dada. Kama hupendi ratiba kikimbie, na mwandishi Freeman Wills Crofts mkimbie zaidi.

Kwa wanaosoma kwa kikundi niongeze kimoja, The Poisoned Chocolates Case ya Anthony Berkeley, 1929. Watu sita wa klabu moja wanachunguza sanduku la chokoleti lenye sumu. Kila usiku mmoja anasimama na jibu lake, jibu linasimama barabara, na kesho yake mwenzake analibomoa. Barazani kwetu kilileta adabu. Tangu hapo hakuna anayesema "ni wazi kabisa".

KaoleMgeni

Wajapani mmewasahau. Seishi Yokomizo, The Honjin Murders ya 1946, chumba kilichofungwa na theluji nje bila nyayo. Imetafsiriwa Kiingereza. Na Soji Shimada na ile ya Tokyo Zodiac, 1981, naye anasimamisha hadithi kukutaka ushindane. Hizo zina damu, mama asimpe kijana.

BintiPangani

Nimekusikia. Sasa vinapatikana wapi? Duka la vitabu ninalolijua mimi linauza madaftari na Biolojia kidato cha tatu.

FundiSaa_Ngamiani

Vya zamani, Poe, Holmes, The Moonstone ya Wilkie Collins (1868, ndefu, tamu, ya almasi), Zangwill na Leroux, viko bure na kihalali kwenye Project Gutenberg, unashusha kwenye simu. Bwana Msa ulizia maktaba ya mkoa, au wazee waliosoma zamani, kuna mtu kakiweka juu ya kabati. Vilivyobaki ni mitumba ya njiani.

Na mitumba ina mambo. Nilinunua cha Poirot kimoja shilingi 2,000, jalada limepauka. Nafika ukurasa wa 31, naona jina la mtu limezungushiwa penseli, na pembeni maandishi ya mshazari: "NI HUYU". Nilitamani kulia. Nikakiweka chini wiki nzima. Halafu nikasema, hela yangu imekwenda, acha nimalize niangalie tu jinsi alivyofanya. Nikasoma kwa uvivu, namwangalia yule wa penseli kila anachogusa. Kumbe si yeye! Mwenye penseli alikuwa msomaji kama sisi, kabahatisha, kakosea, kauza kitabu kwa hasira. Mwandishi alinipiga changa moja na yule mtu akanipiga la pili, akiwa hanijui.

Jina la kitabu silitaji. Nikilitaja nitakuwa nimewapunguzia mtuhumiwa mmoja.

MzeeWaKahawa

Wallahi hiyo ni bora kuliko Ackroyd.

BadaNaChukuchuku

Nimemaliza Silver Blaze, nimeishusha jana kwenye simu. Mchuzi niliupata. Mbwa amenipita. Natoa mji: chukueni Korogwe.

FundiSaa_Ngamiani

Korogwe niliitoa mimi, si yako tena. Tafuta mwingine.

BintiPangani

Kijana amepata Mzimu wa Watu wa Kale kwa mwalimu wake mstaafu. Yuko sura ya nne, ukoo ameuchora nyuma ya kalenda. Ananiuliza kila nikipita jikoni, "mama, unamshuku nani?" Kaka Fundi, kile cha penseli tukija Tanga utatuazima? Nisomee mimi. Ila kwanza ile alama ifute.

FundiSaa_Ngamiani

Karibu sana dada, njoo Alhamisi. Alama hatukuifuta. Tumeongeza nyingine tatu, kila moja jina tofauti.